Je, Wajua? Tezi za Shingo Zinazobaki Baada ya Mafua

Kipupwe kikiingia Vigwaza, mafua hayakawii. Malori yamepanga foleni kwenye mizani, vumbi limetanda Barabara ya Morogoro, abiria wamefunga madirisha ya basi kwa baridi ya alfajiri, na mmoja akipiga chafya Mlandizi, kufika Chalinze wameshaambukizana. Baada ya wiki moja kamasi zimekauka. Ndipo mtu anapojipapasa shingo wakati wa kuoga na kukuta kivimbe chini ya taya, kinauma kikiguswa, na usiku huo halali kwa mawazo. Safu ya leo nawaandikia watu hao, pamoja na akina mama wanaokagua shingo za watoto wao kwa hofu. Hofu nyingi hapa ni za bure. Lakini kuna uvimbe mwingine, usiouma, ambao watu wetu wanauvumilia miezi na miezi, na huo ndio unaonipa wasiwasi mimi.

Je, wajua kwamba mwili wako una tezi za limfu zipatazo 600, na kwamba kiasi cha 300 kati ya hizo zimejazana kichwani na shingoni? Pua na kinywa ni milango mikuu ya vijidudu, kwa hiyo walinzi wengi wamewekwa hapo: chini ya taya, mbele na nyuma ya masikio, kisogoni, kandokando ya ule msuli mkubwa wa shingo, na juu ya mtulinga.

Je, wajua kinachoifanya tezi ivimbe? Fikiria mizani ya Vigwaza, ambapo lori halipiti bila kusimama. Maji ya limfu yanayotoka puani na kooni nayo lazima yapite kwenye tezi kabla ya kurudi kwenye damu, na kila yalichobeba hukaguliwa. Kikionekana kipande cha kirusi, tezi huzuia chembe nyeupe za damu zisitoke, damu zaidi hupelekwa humo, na zile chembe chache zinazokitambua kirusi hicho huanza kuzaliana kwa maelfu. Ganda la nje la tezi hutanuka ghafla. Maumivu unayoyasikia ukigusa ni ya kutanuka huko.

Na kirusi kikishashindwa, chembe hizo haziondoki siku hiyohiyo. Hufa kidogokidogo, na tezi hunywea polepole. Ndiyo maana mafua huisha Jumatatu na uvimbe ukabaki kwa wiki 2 au 3 baadaye. Mtu aliyepona mafua na bado ana kivimbe hajarudiwa na ugonjwa.

Je, wajua kwamba tezi inayouma mara nyingi ni habari njema? Tezi ya mafua huja haraka, ni laini, inateleza chini ya kidole, na kwa kawaida haizidi sentimita 1 au 2. Pima kwa upana wa kucha ya kidole chako kidogo: hiyo ni karibu sentimita 1. Na watoto wengi wazima, wanaocheza na kula vizuri, wana vitezi vidogo shingoni vinavyopapasika mwaka mzima. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupata mafua mara 6 hadi 8 kwa mwaka. Tezi zake hazijapumzika toka mafua ya kwanza, ya pili yameshafika.

Je, wajua nafuu inayopatikana nyumbani bila gharama kubwa? Kukanda ndiyo ya kwanza. Chovya kitambaa safi kwenye maji ya moto yanayovumilika mkononi, kamua, weka juu ya uvimbe dakika 10 hivi, rudia mara tatu au nne kwa siku. Joto hulegeza misuli ya shingo iliyokaza na kupunguza maumivu. Usiisugue tezi wala usiiminye. Kuipapasa kila saa kuona kama imepungua kunaifanya iendelee kuuma, na hapo wengi wanajiumiza bila kujua.

Ya pili ni chumvi. Nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, sukutua koo, tema. Pwani yetu, kuanzia Bagamoyo hadi Saadani, huvunwa chumvi ya bahari, kwa hiyo dawa hii haijawahi kutupungukia. Mtoto mdogo asiyeweza kutema asipewe. Asali hutuliza kikohozi, ila mtoto asiyetimiza mwaka 1 asilambishwe kabisa, kwa sababu inaweza kubeba mbegu za bakteria zinazotoa sumu ya kupoozesha misuli ya mtoto mchanga.

Ya tatu ni panado. Mtu mzima anaweza kumeza vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, na asizidishe vidonge 8 kwa siku, maana kuzidi hapo huharibu ini. Kumbuka kwamba dawa nyingi za mafua za mchanganyiko tayari zina parasetamoli ndani yake; ukimeza zote mbili umezidisha bila kukusudia. Mtoto hupewa kwa uzito wake, muulize mtoa dawa. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua: inahusishwa na ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Na wakati kuna homa ya dengue, kama ilivyotokea Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, mtu mwenye homa kali aepuke aspirini na ibuprofeni mpaka apimwe, kwa hatari ya kutokwa na damu.

Kunywa maji, lala mapema. Hayo mnayajua.

Je, wajua kwamba mvuke unaweza kumuunguza mtoto badala ya kumponya? Kujifukiza kulishika kasi nchini mwaka 2020, na bado kuna nyumba ambako mtoto mwenye mafua hufunikwa blanketi juu ya sufuria inayochemka. Mvuke hauui kirusi cha mafua, na sufuria hiyo ikipinduka mtoto anapata majeraha ya maisha. Mkande kwa kitambaa, inatosha.

Je, wajua kwamba virusi aina ya raino, vinavyoongoza kuleta mafua, viko vya aina zaidi ya 160, na hakuna hata kimoja kinachoguswa na antibayotiki? Hata hivyo mtu akivimba tezi hukimbilia dukani kuomba vidonge vya rangi mbili, tena vinne tu, vya kuanzia. Nusu dozi ya dawa isiyohusika haimponyi yeyote. Inawafundisha bakteria waliomo mwilini namna ya kuishinda siku utakapoihitaji kweli. Mfumo wa Duka la Dawa Muhimu, ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, uliwekwa ili hata kijijini muuzaji awe amefunzwa. Mtumie kwa ushauri wake. Akikwambia huhitaji antibayotiki, mshukuru.

Sasa nifike kwenye jambo ninalotaka lisomwe mara mbili.

Je, wajua kwamba kimeo ni kiungo cha kawaida ambacho kila binadamu anacho? Ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya kinywa. Kinasaidia kulilowesha koo na kuziba njia ya pua tunapomeza na kusema. Mtoto akiwa na mafua, kikohozi na tezi zilizovimba, koo lote linakuwa jekundu na kimeo nacho kinavimba. Mjomba au shangazi anachungulia kwa tochi, anasema kimeo kimeshuka, na mtoto anapelekwa kwa mkata vimeo. Huko kinakatwa bila ganzi, kwa kifaa ambacho pengine kimetumika kwa mtoto aliyetangulia. Matokeo yake madaktari wetu wanayajua: damu isiyokatika, pepopunda, usaha shingoni, maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na watoto waliokufa.

Kwa nini basi watu wanaapa kwamba inasaidia? Kwa sababu mafua yanaisha yenyewe. Mtoto anapelekwa siku ya nane au ya tisa, wakati kinga yake imeshamaliza kazi. Kikohozi kinakoma siku ya kumi na mbili, na sifa anachukua mwenye kisu. Angeachwa angepona siku ileile, na kimeo chake kikiwa mahali pake. Nawaomba wazazi, babu na bibi, mtu yeyote mwenye sauti ndani ya nyumba: kimeo kisikatwe.

Je, wajua kwamba koo linaweza kuuharibu moyo? Koo linapouma kwa sababu ya bakteria waitwao streptokoki, kinga ya mwili ikijichanganya huanza kushambulia valvu za moyo, wiki 2 au 3 baada ya koo kupona. Hiyo ndiyo homa ya baridi yabisi, nayo huwapata zaidi watoto wa miaka 5 hadi 15. Mwaka 1981 daktari wa Marekani, Robert Centor, alipanga dalili nne za kumtambua mgonjwa wa aina hii, na mzazi yeyote anaweza kuzikariri: homa, usaha au utando mweupe kwenye mafindofindo, tezi za mbele ya shingo zinazouma, na kutokuwa na kikohozi. Hiyo ya nne ndiyo ya maana sana. Mafua ya kawaida yana kikohozi na kamasi. Mtoto mwenye tezi, homa na koo kali bila kikohozi apelekwe kituo cha afya. Penisilini ikianza ndani ya siku 9 tangu koo lianze kuuma huuokoa moyo. Kwa watu wa Vigwaza hospitali ya wilaya ya Chalinze iko Msoga, kijijini kwa Rais Mstaafu Jakaya Kikwete, ambaye jina lake limepewa Taasisi ya Moyo iliyopo Muhimbili. Huko Muhimbili hupelekwa watoto wenye valvu zilizoharibika, na upasuaji wa moyo ni safari ndefu kwa familia yoyote. Sindano ya penisilini ni ya dakika moja.

Je, wajua kwamba mahali ilipo tezi panaeleza ulipo ugonjwa? Tezi za kisogoni kwa mtoto wa shule: angalia mapunye kichwani au vidonda vya chawa. Chini ya taya upande mmoja: jino bovu. Mbele ya sikio: jicho au sikio. Nyuma ya masikio pamoja na vipele: yaweza kuwa rubela, ambayo chanjo yake iliunganishwa na ya surua nchini mwaka 2014. Kwapani kwa mtoto mchanga: pengine ni BCG aliyochanjwa alipozaliwa.

Je, wajua kwamba si kila uvimbe wa shingo ni tezi ya limfu? Matubwitubwi ni kuvimba kwa tezi za mate, na uvimbe wake hufunika kona ya taya mbele ya sikio. Rovu ipo katikati, mbele ya koo, na hupanda ukimeza mate. Hiyo mara nyingi inataka madini joto.

Matende na mabusha, maradhi yanayojulikana sana pwani hii, nayo ni ya mfumo wa limfu: minyoo iliyoletwa na mbu huishi ndani ya mishipa yake na kuiharibu. Ugawaji wa dawa za kuyakinga kwa umma ulianza nchini mwaka 2000, kisiwani Mafia.

Je, wajua kwamba kulikuwa na wakati tezi ya shingo iliamua bei ya binadamu? Mwaka 1803 daktari Mwingereza, Thomas Winterbottom, aliyefanya kazi Sierra Leone, alichapisha kitabu alichoeleza ndani yake kwamba wafanyabiashara wa utumwa walipapasa shingo za mateka na kuwakataa waliovimba tezi za nyuma, kwa kuwa walikwisha kujua kwamba watu hao wangepata usingizi usio na kuamka. Ulikuwa ugonjwa wa malale. Mpaka leo madaktari huiita dalili hiyo kwa jina la Winterbottom, na huonekana zaidi katika malale ya Kongo na kaskazini magharibi mwa Uganda. Kwetu sisi, ambao misafara ya watumwa iliishia Bagamoyo, si habari ya kusoma na kupita. Waliogundua dalili hiyo mapema hawakuitumia kumtibu mtu hata mmoja.

Je, wajua kuhusu tezi isiyouma? Hii ndiyo niliyosema inanipa wasiwasi. Inakuja taratibu, haina maumivu, mara nyingine tezi mbili tatu zinashikana zikawa fundo moja, na baada ya miezi ngozi inaweza kutoboka ikatoa majimaji. Mtu hakohoi, kwa hiyo hafikirii kifua kikuu, yaani TB. Lakini kati ya TB zote zinazotokea nje ya mapafu, TB ya tezi za limfu ndiyo ya kawaida zaidi, na shingo ndiyo mahali pake pa kwanza. Mwenye TB ya tezi peke yake hamwambukizi mtu, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea kikombe wala kitanda. Daktari huchukua majimaji kwa sindano nyembamba na kuyapima. Wakati wa dozi tezi inaweza hata kuvimba zaidi huku dawa ikifanya kazi. Wagonjwa wengi huacha dawa hapo, na ni kosa kubwa.

Robert Koch, aliyetangaza ugunduzi wa kijidudu cha TB tarehe 24 Machi 1882, alifanya kazi Afrika Mashariki zaidi ya mara moja. Na njia ya kusimamia dozi ya TB ambayo Shirika la Afya Duniani lilikuja kuisambaza duniani miaka ya 1990 ilitokana na mpango wa taifa ulioanza Tanzania mwaka 1977, kwa msaada wa daktari Karel Styblo, mzaliwa wa Czechoslovakia. Dunia ilijifunza kusimamia tiba ya TB kutoka zahanati za Tanzania. Tulijue hilo, tujivunie, na tusife kwa TB.

Je, wajua kwamba TB ya shingo yaweza kuingia kwa kikombe cha maziwa? Ng'ombe wana TB yao, na maziwa mabichi huibeba mpaka kooni mwa mnywaji, ndipo tezi za shingo huipokea. Mwaka 2001 Rudovick Kazwala wa Chuo Kikuu cha Sokoine na wenzake walichapisha ushahidi wa kijidudu cha TB ya ng'ombe kutoka kwenye tezi za shingo za Watanzania. Kijidudu hicho kina usugu wa asili dhidi ya pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne za mwanzo za TB, kwa hiyo mweleze daktari kama huwa unakunywa maziwa mabichi. Hili si jambo la mbali: Vigwaza ina wafugaji Chamakweza, ina Ranchi ya Ruvu, na maziwa huuzwa barabarani kwa madumu. Yachemshe mpaka yapande. Ladha ya maziwa mabichi ni nzuri, nakubali, lakini mtindi mzuri hutengenezwa pia kwa maziwa yaliyochemshwa.

Je, wajua kwamba virusi vinavyowavimbisha tezi vijana wa Ulaya viligunduliwa kutokana na watoto wa Uganda? Denis Burkitt, daktari wa upasuaji hospitali ya Mulago, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliovimba taya kwa saratani ambayo vitabu havikuwa nayo. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari maili 10,000, kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama wamewaona watoto wa aina hiyo. Saratani ile ilikuwa ya nchi za joto na mvua, zenye malaria. Kwenye milima mirefu haikuonekana. Vipande vya uvimbe vilitumwa London kwa ndege, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakaona ndani yake kirusi kipya. Watu wazima zaidi ya 9 kati ya 10 duniani wanacho. Kwetu hupatikana utotoni bila kelele. Kijana anayekipata akiwa mkubwa huumwa koo na kuvimba shingo kwa wiki kadhaa, na akipewa amoksilini mara nyingi mwili wote humtoka vipele. Mtoto mwenye taya linalovimba haraka na meno yanayolegea asisubiri hata wiki moja, kwa sababu saratani ya Burkitt hukua kwa siku, na ikiwahiwa hutibika kwa dawa.

Je, wajua kwamba tezi zinazovimba sehemu mbili au zaidi, shingoni na kwapani kwa mfano, zikakaa miezi, zinaweza kuwa dalili ya mwanzo kabisa ya virusi vya UKIMWI? Mtu anakuwa na nguvu zake zote. Kupima ni bure, na anayeanza dawa mapema huishi miaka mingi kama wengine.

Je, wajua kwamba tezi juu ya mtulinga haihesabiwi wiki? Hata ikiwa ndogo, hata kama ulikuwa na mafua, hapo nenda hospitali. Rudolf Virchow wa Ujerumani alionyesha karne ya 19 kwamba ya upande wa kushoto inaweza kuwa imeletwa na saratani ya tumbo.

Nenda pia bila kungoja iwapo tezi ni ngumu na haisogei, imezidi sentimita 2 na inaendelea kukua, unalowa jasho usiku, unakonda, au homa haikatiki. Na kimbia, usitembee, kama mgonjwa anapumua kwa shida, hawezi kumeza mate yake, au kinywa hakifunguki.

Ukifika, mweleze mganga tezi ilianza lini, inauma au haiumi, kama umekonda, kama nyumbani kuna mtu mwenye TB, na maziwa unakunywa ya namna gani. Vipimo na dawa za TB hutolewa bure katika vituo vya serikali nchini kote, na TB ya tezi kwa kawaida hutibiwa kwa miezi 6. Kama shingoni mwako au mwa mtoto wako kuna kivimbe kilichopitisha wiki 4, nenda wiki hii.